MKULIMA NA MTAMBO WAKE: Trekta Lizimikalo Shambani

Mkulima mmoja akaaye Mackinnon Road, katika nchi kavu ya Kwale, ametuandikia kutaka shauri. Analo trekta kuukuu la petroli, aina ya Ferguson. Asema kwamba asubuhi huwaka mara moja, hulima kwa muda wa robo saa, kisha huanza kukohoa, hupungua nguvu, na mwisho huzimika. Akiliacha lipumzike kidogo huwaka tena kana kwamba halikuwa na ugonjwa wo wote, lakini halifiki mwisho wa shamba. Fundi amemwambia kwamba kabureta imekufa, na kwamba atafute fedha za kununua nyingine. Auliza: Je, ni kweli?

Jibu letu ni kwamba huenda ikawa kweli, lakini dalili alizozitaja hazielekei huko. Haifai kununua kitu kabla ya kuifuata petroli katika njia yake yote, toka tangini mpaka injini. Watu wengi huanza na kabureta kwa sababu ina skrubu za kuzungusha. Kumbe mara nyingi kabureta ni kama mtungi mtupu: kosa si la mtungi, bali la mfereji usioleta maji. Tena jambo hili si dogo. Katika nchi ile mvua ni haba, na mtu asiyewahi kulima ardhi ingali na maji huenda akakosa mahindi na kunde za msimu mzima.

Matrekta haya madogo ya rangi ya kijivu yalitengenezwa Coventry, Uingereza, toka mwaka 1946 hata 1956, na idadi yake ilipita 500,000. Jambo la kukumbuka ni kwamba hayana pampu ya petroli. Tangi liko juu ya injini, na mafuta hushuka yenyewe kwa uzito wake. Kwa hiyo kizuizi kidogo tu chatosha kuyasimamisha.

Kwanza, tazama kifuniko cha tangi. Kina kitundu kidogo cha kuingizia hewa. Kila mtu aliyetoboa mkebe wa maziwa ajua kwamba tundu moja halitoshi. Maziwa hayatoki vizuri mpaka utoboe la pili, hewa ipate kuingia. Tangi nalo ni vivyo hivyo. Vumbi jekundu la nchi ile likishikana na mafuta huziba kitundu hicho, na petroli hukataa kushuka. Ukipumzika, hewa hupenya kidogo kidogo, na trekta huwaka tena. Basi siku nyingine likikohoa, legeza kifuniko papo hapo. Likipata nguvu, ugonjwa umejulikana, na dawa yake ni kukisafisha kifuniko. Haigharimu hata senti moja.

Pili, jaribu mkondo. Acha injini ipoe kabisa, zima sigara, na watoto wakae mbali. Fungua bomba mahali linapoingia katika kabureta, weka mkebe safi chini yake, kisha fungua bilula. Petroli yapasa kutoka mfululizo. Ikitoka kwa matone, au ikianza kwa nguvu kisha ikafifia, mna taka katika tangi, bilula au bomba. Mwaga mafuta yote uoshe tangi. Lakini usinyonye petroli kwa mdomo katika mpira. Ikiingia mapafuni yaweza kumwua mtu.

Tatu, fungua kile kikombe cha kioo kilicho chini ya tangi. Maji ni mazito kuliko petroli, nayo hukaa chini. Utayaona yamejitenga kama matone ya duara. Maji hayo huzaliwa usiku ndani ya tangi lililo nusu tupu, hewa yenye unyevu ipoapo. Basi jaza tangi jioni, usingoje asubuhi. Osha na kichujio cha waya kilichomo.

Nne, ndipo uiguse kabureta. Toa boya, ulitikise karibu na sikio. Ukisikia mafuta ndani yake limetoboka, na kabureta itafurika. Tazama ncha ya sindano inayofunga petroli. Ikiwa imelika, badili sindano peke yake. Jeti zipulizwe kwa hewa. Usizichokoe kwa waya, maana tundu likikwaruzwa hupanuka, na injini haitapata tena kipimo chake.

Moshi nao hutoa habari. Moshi mweusi maana yake petroli ni nyingi kuliko hewa: huenda choki imekwama, boya limetoboka, au chujio la hewa limejaa tope. Chujio hilo lina bakuli la oili. Katika kazi ya vumbi lapasa kutazamwa kila siku. Lakini injini ikipiga chafya kwa upande wa kabureta, na ikapata nafuu uvutapo choki nusu, basi petroli ni kidogo, au hewa yapenya penye gasketi. Na ikiwa mkondo ni mzuri hata wakati ule ule trekta linapozimika, ziache habari za petroli. Tazama cheche za plagi. Koili au kondensa iliyochakaa hushindwa ipatapo moto, nayo hupona ikipoa.

Mwisho, jihadhari na petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mwezi wa Septemba 2018 Serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuukomesha udanganyifu huo, lakini macho ya mnunuzi ndiyo mlinzi wa kwanza. Tia tone moja juu ya karatasi nyeupe, uiweke kivulini. Petroli safi hukauka upesi bila alama. Mafuta ya taa huacha doa.

Kwa hiyo tunamshauri ndugu yetu wa Mackinnon Road azitunze fedha zake kwanza. Aanze na kifuniko, ashuke hatua kwa hatua, wala asifungue vitu viwili kwa mara moja, asije akapona bila kujua dawa iliyomponya. Akifika kwenye kabureta na ugonjwa ungalipo, hapo ndipo amwite fundi, naye atakuwa na maneno ya kumwambia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini yafaa kwanza kuujua ufa ulipo.