Kompyuta inajua umbo la protini. Sumaku ya kazi gani?

Msikilizaji, ukipelekwa hospitali kubwa kupimwa MRI, unalazwa ndani ya sumaku. Mashine hiyo ina ndugu yake ambayo hailazi mtu. Yenyewe huwekewa kichupa cha kioo chembamba kuliko penseli, chenye protini iliyoyeyushwa kwenye maji. Husaidia kutafuta dawa.

Je, bado inahitajika? Mwaka 2024 Tuzo ya Nobel ya Kemia ilikwenda kwa David Baker, anayebuni protini mpya, pamoja na Demis Hassabis na John Jumper wa AlphaFold, programu ya kompyuta inayokadiria umbo la protini. Imeshakadiria maumbo zaidi ya milioni 200. Basi sumaku ya gharama kubwa ya nini tena?

Tuanze na protini yenyewe. Hapa hatuzungumzii maharage na dagaa tu. Karibu kila seli ya mwili hutengeneza protini zake, nazo ndizo zinazoifanyia kazi. Nyingi hazifanyi kazi peke yake. Hushikana mbili, tatu au zaidi.

Mashine hii hufanya kazi kama redio. Ndani ya sumaku kali, viini vya atomi za haidrojeni huitikia mawimbi ya redio, kila kimoja kwenye masafa yake, kulingana na atomi zilizo jirani. Protini nyingine ikija kushikana na ya kwanza, atomi za pale zinaposhikana hubadili masafa. Mtafiti akiona mabadiliko hayo anajua zimeshikana wapi. Kurt Wüthrich wa Uswisi alikuwa miongoni mwa washindi wa Nobel ya Kemia mwaka 2002 kwa kuendeleza mbinu hii.

Faida yake tuione kwenye saratani. Seli iliyoharibika inatakiwa kufa. Protini kama Bak huisukuma ife. Nyingine, kama Bcl-2 na Bcl-xL, huzuia. Katika baadhi ya saratani wazuiaji huzidi, na seli mbovu inaendelea kuishi.

Mwaka 1997 watafiti wa kampuni ya Abbott ya Marekani walionyesha, kwa mbinu hii, kipande cha Bak kikiwa kimelala kwenye mfereji ulio juu ya Bcl-xL. Wakaanza kutafuta molekuli ndogo ya kuziba mfereji huo, mashine ikiwaonyesha ipi inanasa na ipi inapita. Dawa moja ya mwanzo, navitoclax, ilipunguza pia chembe zinazosaidia damu kuganda, kwa sababu chembe hizo hutegemea Bcl-xL ili ziishi. Kazi ikaendelea hadi ikapatikana venetoclax, inayolenga Bcl-2. Marekani iliidhinisha mwaka 2016 kwa aina moja ya saratani ya damu. Ni safari ya karibu miaka 20.

Sasa turudi kwenye swali letu. Kompyuta hutoa picha iliyotulia, lakini protini hujikunja na kujikunjua. Picha ya mlango uliofungwa haikuambii unafunguka mara ngapi. Sumaku huonyesha mwendo huo. Nayo ina mipaka: protini nyingi zikishikana kuwa fungu kubwa, ishara zake huchanganyika, na mara nyingi watafiti hukimbilia darubini ya elektroni. Kwa hiyo vifaa hivi vinasaidiana.

Haya hayako mbali nasi. Vimelea vya malaria vyenye mabadiliko kwenye protini iitwayo K13 vimethibitishwa Rwanda, Uganda na Tanzania. Mabadiliko hayo huvifanya vichelewe kufa mgonjwa anapotumia dawa zenye artemisinini. Kujua protini imebadilika wapi, na inashikana na nini, ni sehemu ya kutafuta dawa zijazo, na utafutaji huo huchukua miaka mingi. Ndiyo maana dawa mseto tulizonazo leo tuzitunze: pima kwanza, na ukipewa dozi, imalize.