Land Rover kuukuu: Si kila spea ni akiba

UKIPITA katika gereji bubu za Mtwara Mjini, Mikindani au kando ya barabara ya kwenda Msimbati, si ajabu kukuta Land Rover 109 imepandishwa juu ya magogo, bodi upande huu na injini upande ule. Mara nyingi mwenye gari ameuza korosho, amepata fedha kidogo na ameamua kulifufua gari la baba yake lililolala miaka mingi chini ya mwembe. Kazi ikianza, lundo la vyuma huongezeka kila siku. Ndipo swali linapokuja: kipi kihifadhiwe, kipi kiuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na kipi kinunuliwe kuwekwa akiba?

Wengi huliacha swali hilo kwa fundi. Hilo ni kosa. Fundi anajua kipuri kinavyofanya kazi, lakini anayelala na deni ni mwenye gari. Stoo ya spea ni mtaji uliolala, sawa na gunia la mchele ghalani. Mtaji huo ukilala mahali pasipofaa, gari litafufuka na biashara itakufa.

Mtwara ina sababu ya pekee ya kulitazama jambo hili kwa makini. Spea nyingi za magari ya zamani hutafutwa Dar es Salaam, hasa Kariakoo na Gerezani, umbali wa takriban kilomita 560. Daraja la Mkapa katika Mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, limepunguza sana adha ya safari hiyo, lakini halijaimaliza. Mei 2024, mvua kubwa na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Aliyekuwa na gari bovu Mtwara wakati huo alisubiri barabara kwanza, kipuri baadaye.

Tuchukue mfano wa hesabu. Gari linabakiza shilingi 60,000 kwa siku baada ya mafuta na posho ya utingo. Likilala siku 5 likisubiri ekseli, zimepotea shilingi 300,000, mbali ya nauli ya aliyetumwa Dar es Salaam. Kama ekseli hiyo ingenunuliwa mapema kwa shilingi 150,000 na kuwekwa ndani, ingekuwa imejilipa mara mbili kwa tukio moja.

Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili. Mwenye gari aliyekopa shilingi 1,500,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi ili ajaze stoo, anatoa shilingi 45,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 540,000, hata kama hajafungua pakiti moja. Kwa mantiki hiyo, kukosa spea ni hasara, na kuwa na spea nyingi zisizotumika ni hasara pia.

Njia ya kutoka katika mtego huo ni kukiuliza kila kipuri maswali matatu. Je, kikiharibika gari linasimama? Je, kinapatikana Mtwara ndani ya siku moja au mbili? Je, kikikaa miaka miwili stoo kitabaki kizima? Kipuri kinachosimamisha gari, kisichopatikana mjini na kinachovumilia kukaa ndicho kinachostahili fedha. Vingine visubiri mahitaji.

Ekseli za nyuma, zile zinazopeleka nguvu kutoka kwenye difu hadi kwenye magurudumu, zinapita mtihani huo. Katika mchanga wa Msimbati, gari likiwa na mzigo wa chumvi au samaki, ekseli ya Land Rover ya zamani huvunjika bila kuaga. Uzuri wake ni kwamba hutolewa kwa kufungua bolti sita tu, bila hata kuvua gurudumu, mradi kipande kilichobaki ndani ya difu nacho kitolewe. Mwenye ekseli ya akiba anaendelea na safari siku hiyo hiyo. Wota pampu, pampu ya kuvuta dizeli na gasketi ya silinda hedi nazo ziwe karibu. Kwa injini ya petroli, rota na kondensa ni vitu vidogo vya bei ndogo ambavyo vikikosekana gari zima haliwaki.

Kinyume chake, betri, feni belti, taa, oili na beringi za vipimo vya kawaida zinauzwa mjini. Hakuna sababu ya kulaza fedha hapo, kwa kuwa mwenye duka ameshazilaza zake.

Ikumbukwe pia kuwa jina la gari halitoshi kununulia spea. Injini maarufu ya lita 2.25 ilikuwa na krankshafti yenye beringi kuu 3 hadi mwaka 1980, kisha zikawa 5. Krankshafti ya toleo moja haikai kwenye injini ya toleo jingine. Ekseli nazo hutofautiana idadi ya meno. Anayemtuma mtu Kariakoo na neno “Land Rover” peke yake anaweza kuletewa chuma cha kuzuia mlango. Namba ya injini, namba ya chesisi na, inapowezekana, kipuri chenyewe kilichovunjika ndivyo viende sokoni.

Hapo ndipo thamani ya vyuma vilivyotolewa inapoonekana. Kabla mnunuzi wa chuma chakavu hajaleta mizani, vitengwe vitu vya kusubu: silinda hedi isiyo na ufa, bodi ya gia boksi, bodi ya wota pampu na boksi la usukani. Vitu hivi havichongwi kirahisi gerejini, lakini vilivyomo ndani yake, kama bushi na shafti, vinaweza kuchongwa na fundi mwenye kerezo. Bodi kuukuu ni nusu ya kipuri kipya, lakini kwenye mizani ya chuma chakavu ni kilo tu.

Bolti na nati nzima zisitupwe. Nyingi kati ya hizo, katika magari haya ya Mwingereza, ni za inchi, wakati maduka mengi leo yanauza za milimita. Fundi anayelazimisha bolti ya milimita kwenye tundu la inchi anaharibu meno ya chuma ambacho kingedumu miaka mingi. Bati za bodi nazo zitunzwe, kwani ni za aluminiamu na hazili kutu kama chuma. Chesisi ndiyo ya chuma, na hewa ya chumvi ya pwani hii huila kimyakimya. Anayenunua spea za injini kabla ya kugonga chesisi kwa nyundo kutoka mbele hadi nyuma anapamba nyumba yenye msingi uliooza.

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakuwa wakizungumzia mipira ya breki. Mipira, oili sili na hozi hukauka na kupasuka hata ikiwa ndani ya pakiti. Hizi zinunuliwe wakati wa kufungwa, na za zamani zisirudishwe kwenye gari kwa kisingizio cha kubana matumizi, hasa za breki. Springi zilizokatika wauziwe wahunzi, ambao huzigeuza kuwa mapanga. Vyuma vinavyobaki stoo vipakwe grisi, vifungwe na kuinuliwa kutoka sakafuni, kila kimoja kikiwa na karatasi ya tarehe na gari kilikotoka. Kipuri kisichojulikana ni cha gari gani hakina tofauti na takataka.

Wapo wanaoshauri njia ya mkato: kutupa injini ya Land Rover na kufunga ya Toyota au Nissan, ambayo spea zake zimejaa mjini. Kwa gari la kubeba mpunga kutoka Kitaya au Mahurunga, ushauri huo una hoja, mradi mabadiliko yaingizwe kwenye kadi ya usajili TRA. Lakini uzalishaji wa Land Rover za umbo lile la zamani ulikoma Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016, na zipo nchi ambako wapenzi wa magari hulipa zaidi kwa gari lenye vitu vyake vya asili. Mwenye gari aamue mapema analifufua kwa kazi au kwa kumbukumbu. Akiamua kazi, injini ya zamani iuzwe ikiwa nzima kwa mwenye shida nayo, si kwa kilo.

Ukanda huu umewahi kuona gharama ya kupuuza mambo haya. Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951, uliingiza nchini mashine nyingi kuukuu zilizobaki kutoka Vita Kuu ya Pili. Ziliharibika kwa wingi, na vipuri vikawa kilio. Nachingwea ilikuwa moja ya vituo vyake, na reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwa ajili ya karanga hizo iling'olewa miaka ya 1960. Serikali ya Uingereza iliweza kubeba hasara ile. Mkulima mwenye ekari chache za mikorosho hawezi.

Lipo jambo linalowezekana bila mkopo. Wenye magari manne au matano ya toleo moja wachangie stoo moja: jozi ya ekseli, wota pampu na seti ya gasketi, pamoja na daftari. Anayechukua anarudisha kipya ndani ya muda waliokubaliana. Kazi hiyo ianze kati ya Februari na Agosti, wakati mizigo ya korosho ni michache, ili minada itakapofunguliwa Oktoba gari liwe limeshajaribiwa kwa mzigo. Msimu haumsubiri aliye njiani kutoka Kariakoo.