Jicho linaonyesha mzigo wa akili

Mara nyingi tunamwona mtoto akitazama juu wakati wa hesabu za kichwa, nasi tunasema: "Huyu hafuati!" Tusiharakishe. Mwili una alama zake, na wataalamu wamezipima.

Mwaka 1966, Daniel Kahneman na Jackson Beatty walitoa matokeo yao katika jarida la Science, la Marekani. Waliwasomea watu tarakimu, moja kila sekunde, wazishike kichwani. Kila tarakimu ilipoongezeka, mboni ya jicho, ile duara nyeusi ya katikati, ilipanuka. Watu walipoanza kuzitaja, mboni ikapungua polepole, kama mtu anayetua mzigo.

Nyumbani hatuna mashine ya kupima. Tena mboni hupanuka pia gizani, na hata kwa woga. Mtoto anayeona fimbo mezani, akili yake inalinda mwili, si hesabu. Basi tuweke fimbo mbali, tuangalie alama nyepesi. Akinyamaza na kutazama pembeni, huenda anahesabu: tumwache amalize. Akipiga miayo na kusugua macho, amechoka: apumzike. Akiwa na joto mwilini, huo si uvivu: tumpeleke kituo cha afya.

Jioni hii tujaribu. Tumsomee tarakimu 3, azirudishe. Kisha 4, kisha 5. Akikosa mara 2, tupunguze. Dakika 10 zinatosha, na tumalizie kwa zile anazoziweza, ili kesho atamani kurudia.