Shumileta Haikutuletea Mumiani



Nataka nami nitoe maoni yangu kuhusu jambo linalozungumzwa sana huku kwetu Bonde la Kilombero, hasa baada ya mavuno ya mpunga, watu wanapokuwa na fedha kidogo mfukoni na mabanda umiza yanapojaa. Jambo lenyewe ni filamu za kutisha za hapa nyumbani. Wapo ndugu wanaotaka serikali za vijiji zizipige marufuku kabisa, na mfano wanaoutaja ni Shumileta, filamu aliyoitoa Ndugu Mussa Banzi mwaka 2005, ya jini wa kike mwenye meno ya kunyonya damu anayempenda binadamu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na ninafundisha Kiswahili. Siandiki kumtetea mwenye banda, wala sidai kwamba filamu hii ni kazi kubwa kuliko zote. Ninachosema ni kwamba inahukumiwa kwa makosa yasiyo yake.

Shtaka la kwanza ni kuiga. Wenzetu wanasema meno yale marefu tuliyaona zamani kwa Christopher Lee katika Dracula ya mwaka 1958, na jini mwenye wivu tumemwona katika sinema za Kinigeria. Ni kweli. Lakini je, tangu lini kufuata nyayo za waliotangulia kukawa wizi? Watunzi wa tenzi wa pwani walizoea kuanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, kisha wakaomba karatasi na wino. Hakuna aliyemwita mtunzi wa kumi mwizi kwa kuwa wa kwanza alikwisha kuomba wino. Ilikuwa desturi ya kazi, na aliyeifuata alikuwa akiwapigia hodi wazee wake.

Ngano zetu za mazimwi ziko vivyo hivyo. Katika madungu ya mpunga, mahali tunapolinda ndege na nguruwe, bibi akisema "Paukwa" mtoto anakwisha kujua kitakachofuata. Kuna msichana aliyekatazwa, naye atakwenda. Kuna kijana mzuri asiyejulikana kwao, naye atakuwa zimwi. Kuna wimbo, kuna mbio, kuna mdogo mtu aliyedharauliwa ambaye ndiye atakayewaokoa wote. Mtoto hachoki kwa sababu anajua. Anasubiri aone bibi wa leo atalipita vipi bonde lile lile. Shumileta ni kijana mzuri yule yule asiyejulikana kwao, safari hii akiwa mwanamke, na amevalishwa meno ya Ulaya. Mimi naona humo heshima kwa wasimulizi wa pande zote mbili.

Hata huko Marekani wanakosifia wenzetu, mambo ni hayo hayo. Mwaka 1960 Alfred Hitchcock alitoa Psycho, filamu ya muuaji mwenye kisu. Mwaka 1978 John Carpenter akatoa Halloween, naye daktari wa filamu yake akampa jina la Loomis, jina lililokuwamo katika Psycho. Mwigizaji wake mkuu, Jamie Lee Curtis, ni binti wa Janet Leigh, yule aliyechomwa kisu bafuni katika filamu ya Hitchcock. Mwaka 1996 ikaja Scream, ambamo vijana wenyewe wanazijadili kanuni za filamu za aina hiyo huku muuaji akiwanyemelea. Wenzao waliita hayo kuwaenzi wakongwe. Sisi mtu wetu akifanya hivyo tunamwita kasuku. Hiyo, ndugu zangu, ni kasumba.

Shtaka la pili ni ufundi duni. Hapa nakubali sehemu. Filamu zetu nyingi sauti zake hukwaruza, na hadithi ya saa moja huvutwa iwe sehemu ya kwanza na ya pili ili mnunuzi alipe mara mbili. Walaumiwe kwa hilo. Lakini umaskini wa vifaa si dhambi. Damu ya Psycho ilikuwa sharubati ya chokoleti. Kinyago cha muuaji wa Halloween kilinunuliwa dukani kwa bei ndogo, kikapakwa rangi nyeupe. Ubunifu wa mtu asiye na fedha ukitoka Marekani tunauita werevu. Basi ukitoka Dar es Salaam tusiuite aibu.

Shtaka la tatu ndilo zito, na ndilo lililonifanya niandike. Inasemwa kwamba filamu hizi zinawafanya watu waamini mumiani na wanyonya damu. Jambo hili si la mzaha. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino, watafiti wawili wa udongo kutoka Arusha pamoja na dereva wao waliuawa na wanakijiji waliowadhania kuwa wanyonya damu. Watu wale walikuwa kazini kwa faida ya mkulima. Na sisi wa Ifakara tunajua uzito wake kuliko wengine, maana hapa kituo cha utafiti wa magonjwa kipo tangu miaka ya 1950, na kazi ya kupambana na malaria haifanyiki bila kutoa damu kidogo ya kupima. Siku watu wa bonde hili watakapomkimbiza kwa mapanga mtu mwenye bomba la sindano, watakaopotea ni watoto wetu wenyewe.

Lakini tuangalie tarehe. Uvumi wa mumiani ulikuwapo tangu enzi za wakoloni, kabla banda umiza halijajulikana. Hofu ya popobawa iliwalaza watu wa Zanzibar nje ya nyumba zao mwaka 1995, na mtu mmoja mgonjwa wa akili akauawa kwa kudhaniwa ndiye. Shumileta ilikuja miaka kumi baadaye. Mtoto hawezi kumzaa mama yake.

Ninavyoelewa mimi, uvumi na filamu ni vitu vinavyopingana. Uvumi hauna mwenyewe. Unakuja na maneno "nimeambiwa na mtu aliyeona", hauna mwanzo wala mwisho, na hutaka uchukue panga usiku huu. Filamu ina jina la aliyeitunga, ina majina ya waigizaji, na mwisho taa inawashwa mnarudi nyumbani. Niliwauliza wanafunzi wangu wa darasa la saba damu ya kwenye filamu inatengenezwaje, wakabishana kipindi kizima: rangi, nyanya, sharubati. Mtoto anayebishana kuhusu rangi ya damu hiyo amekwisha kujua kwamba kilichopo mbele yake ni hadithi. Elimu hiyo ndiyo anayoihitaji siku atakapoletewa uvumi.

Nisieleweke vibaya. Zipo filamu ambazo mganga anapiga ramli na kumnyoshea kidole bibi kizee wa jirani, na filamu ikaisha kwa kumthibitisha kuwa mchawi. Hizo mimi pia nazilaani, kwa sababu jini wa Shumileta haishi kijijini kwetu, lakini bibi kizee mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni anaishi, na nchi hii imewazika wengi wa namna yake. Tuzitofautishe. Anayepiga marufuku zote kwa pamoja anamwacha mkosaji halisi ajifiche katika kundi.

Vile vile nakubali kwamba mtoto wa darasa la pili hana kazi bandani saa tatu usiku. Kwa hilo sheria ipo. Sheria Namba 4 ya mwaka 1976 iliweka Bodi ya kukagua filamu, na Bodi hupanga madaraja ya umri. Serikali ya kijiji imtake mwenye banda abandike daraja la filamu mlangoni na kuwarudisha watoto, na akikaidi achukuliwe hatua. Banda likifungwa moja kwa moja, vijana wataangalia hayo hayo katika simu, gizani, kila mmoja peke yake, bila mtu mzima wa kucheka na kusema, "Hiyo ni nyanya."

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu na viongozi wa vijiji tusitafute mchawi wa kumtwika lawama zetu. Chamwino hawakukosa marufuku ya filamu. Kilichokosekana ni watu waliozoea kuuliza: hadithi hii ni ya nani, na nani aliyeona? Kazi hiyo ni yetu sisi wa darasani, na inaweza kuanza hata kwa filamu ya jini mwenye meno ya bandia.

Mwalimu wa Kijijini,
Bonde la Kilombero,
Ifakara.