Nyatiti Isikose Warithi

Nyatiti ya Waluo ina nyuzi nane, lakini haikamiliki bila hadhira. Katika pakruok, msikilizaji humsimamisha mpigaji, akatoa fedha na kujigamba. Majigambo ya namna hiyo tunayasoma darasani katika fasihi simulizi. Marehemu Ayub Ogada aliifikisha nyatiti London. Mjapani Eriko Mukoyama alifunga safari hadi Siaya akajifunza kwa mzee, ingawa jadi iliwanyima wanawake ala hiyo. Sisi wana wa Ahero, tulio jirani na wazee hao, twatosheka na kanda. Kanda huhifadhi sauti, haifundishi vidole wala majibizano. Napendekeza kila mtafiti wetu wa fasihi simulizi awe kwanza mwanagenzi wa mpigaji. Wahenga walinena: mwacha asili ni mtumwa.