Fedha za Duka na Fedha za Nyumbani

Imekuwa ni desturi iliyozoeleka katika visiwa vyetu kwamba mtu afunguapo duka, au aanzapo uchuuzi wa samaki au useremala wa milango, akaunti yake ya benki huwa ni ile ile aliyokuwa akiwekea akiba yake tangu zamani. Mauzo ya siku huingia humo. Ada ya skuli hutoka humo, mchango wa arusi hutoka humo, na mali kauli aliyoichukua kwa tajiri wa Dar es Salaam nayo hulipwa kutoka humo humo. Wengine hata benki hawendi. Wana namba moja tu ya simu, ambayo mteja huipelekea thamani ya bidhaa na shangazi aliyeko Muscat huipelekea fedha za sikukuu.

Hatusemi kwamba jambo hilo ni jinai. Mbele ya sheria, mfanyabiashara wa peke yake na biashara yake ni mtu mmoja. Hata akisajili jina la biashara, jina hilo halizai mtu mwengine wa kudaiwa. Duka likishindwa kulipa, mdai ataielekea mali ya mwenyewe. Ndiyo maana wapo wanaouliza: ikiwa mimi na duka langu ni kitu kimoja, akaunti mbili za nini? Swali hilo ni la haki, na linastahili jawabu.

Jawabu la kwanza limo dukani kwenyewe. Tumchukue mwenye duka la vitambaa pale Darajani. Akaunti yake inaonyesha shilingi milioni 2. Anaziona ni zake, anaanza kujenga ukuta wa uwani. Kumbe katika hizo, milioni 1 na nusu ni za mwenye mali kauli, naye atakuja mwisho wa mwezi. Mtu huyu hakuibiwa wala hakufanya uvivu. Alikula mtaji akidhani anakula faida. Na mwaka wa mali yake ukitimia, atatoaje zaka ya biashara, mbili na nusu kwa mia, naye hajui biashara ina kiasi gani?

Juu ya kodi hatutasema mengi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inamtaka mlipa kodi atunze kumbukumbu kwa miaka 5, na mzigo wa kuthibitisha uko juu yake yeye. Afisa akiuliza fedha zilizoingia siku fulani ni za nini, mwenye akaunti ya mchanganyiko atalazimika kueleza mchango wa arusi mmoja baada ya mmoja.

Lakini yote hayo ni madogo mbele ya jambo ambalo watu wetu hawapendi kulitaja, nalo ni mauti. Mwenye duka akifariki, benki huifunga akaunti mpaka msimamizi wa mirathi apatikane. Hapo ndipo hutokea madhila. Tuseme mke wake alikuwa akilima mwani, na kila alipouza alimpa mumewe fedha azitie dukani. Kwa sheria ya dini mali ya mke ni ya mke, haigeuki kuwa ya mume kwa sababu ya ndoa. Lakini zimo katika akaunti yenye jina la marehemu, hazina karatasi wala shahidi. Zikihesabiwa kuwa ni tarika, basi mjane mwenye watoto atapewa thumni, ikiwa mke ni yeye peke yake: katika kila shilingi 8, ambazo nyengine zilikuwa jasho lake mwenyewe, atarejeshewa 1. Na wadai nao wanangoja, kwani deni hutangulia mbele ya urithi. Nani atasema lipi ni deni la duka na lipi ni hisani ya jirani? Kadhi hawezi kuhukumu kwa kukisia. Dini yetu imeamrisha madeni yaandikwe, na aya yenye amri hiyo ndiyo ndefu kuliko zote katika Kurani. Ajabu ni kwamba tunaisoma kwa tajwidi na kuiacha msikitini.

Dawa si ghali. Akaunti ya pili, au lipa namba iliyo mbali na simu ya nyumbani. Mwenye duka ajilipe kiasi maalumu kila mwezi, na asiguse zaidi. Aliyetia fedha zake, awe mke au ndugu, aandikiwe. Wanaokhofu riba wajue kwamba Benki ya Watu wa Zanzibar, iliyoanzishwa 1966, inazo huduma za Kiislamu.

Tunalo neno pia kwa wakuu wa mabenki na wa mapato. Mama muuza maandazi wa Micheweni akitakiwa karatasi nyingi na ada ya kila mwezi kwa akaunti ya biashara, atarudi katika ile ya zamani, na hatutamlaumu. Na ikiwa anayefungua akaunti ya biashara ndiye atakayekuwa wa kwanza kukadiriwa kodi nzito, ilhali jirani yake aliyejificha nyuma ya jina lake mwenyewe anaachwa, basi ofisi itakuwa inawafundisha watu kujificha. Makadirio yaanzie kwa wasio na kumbukumbu, na mwenye nazo asomewe zile alizoleta.