Siku Moja Antwerpen

Asubuhi tulipanda treni Brussels, na saa moja haikutimia tukashuka Antwerpen. Kituo chenyewe, kilichomalizika mwaka 1905, kina kuba na marumaru hata mgeni hudhani ameingia kanisani. Wenzetu walitaka tupige picha, tule, turudi. Sisi tuliona hayo hayamtoshi Mkongomani.

Katika kanisa kuu la Bikira Maria tulikaa kitambo mbele ya mchoro wa Rubens, Yesu akishushwa msalabani: mikono mingi, mwili mmoja. Kisha tukateremka hadi mto Scheldt. Huko meli zilishusha mpira na pembe za ndovu za nchi yetu enzi za Leopold wa Pili. Karani Edmund Morel ndiye aliyeng'amua kwamba zilirudi Kongo na bunduki na risasi, bidhaa za kulipia karibu hakuna.

Kijana wetu akijaliwa safari hiyo, na asiishie uwanjani penye maduka, afike mtoni. Mzee mmoja mwenyeji alituuliza tunatafuta nini pale. Tulimjibu kwamba babu zetu walilazimishwa kugema mpira uliofikia hapa. Akanyamaza, kisha akatuonyesha njia ya kwenda kwenye gati za zamani.